Aliyejigongea Meza Mwenyewe

Mkasi hakuzaliwa na roho mbaya. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukilitaja jina lake karakana nzima inakunja pua, utadhani tulimwokota jalalani, na wanaokunja pua zaidi ni wale wale waliokuwa wakimfutia kiti. Mimi nilifanya naye kazi meza moja miaka kumi na moja. Tumekula bakuli moja. Namjua alivyokuwa na namjua alivyogeuka, na kugeuka kwake kulipikwa na mikono yetu wenyewe. Ndiyo maana nikiyaandika haya kinyaa kinanijia pande zote mbili, kwake na kwetu.

Karakana yetu inashona nguo za kazi: makoti ya walinzi, ovaroli, aproni za hospitali. Ni ukumbi mmoja mrefu wenye paa la bati na feni tatu, na katika hizo tatu inazunguka moja. Cherehani ishirini na nne zimepangwa kwa mistari miwili. Mbele kabisa, chini ya taa nyeupe, iko meza ya kukatia, ndefu kuliko nyumba ninayoishi. Kitambaa kinatandazwa pale tabaka juu ya tabaka, hata mia, kisha juu yake inawekwa karatasi yenye michoro ya vipande vyote: mgongo, kifua, mkono, kola, mfuko. Mkataji anapita juu ya ile michoro na kisu cha umeme. Ukikosea na mkasi wa mkononi umeharibu koti moja. Ukikosea na kile kisu umeharibu mia kwa mpigo, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa jora.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu, tulioachiwa na mama aliyetufundisha kazi, mkali kama siki, ambaye sasa ameshastaafu na kwenda kukaa kwa binti yake. Mkataji akishamaliza kupanga anazima kisu, anarudi nyuma hatua mbili, anaita, "Jicho!" Mtu mwingine yeyote anainuka kitini, hata kama ameajiriwa jana, hata kama ni yule anayefagia. Anaizunguka meza yote, anaangalia karatasi, anainama kuangalia pembeni mwa kitambaa. Akiridhika anagonga ubao mara mbili kwa kiganja. Pa, pa. Meza isipogongwa, hakuna kukata. Yule mama alikuwa anatuambia kwamba aliyepanga haoni alichopanga, anaona alichokusudia kupanga, basi aje mwingine amwangalizie.

Hakuna aliyeita "Jicho!" kwa sauti kubwa kama Mkasi. Jina hilo tulimpa sisi. Alikuja siku ya kwanza na mkasi wake mwenyewe, ameufunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, akakata mstari wa mita tatu bila chaki na mstari ukanyooka. Mikono ile! Na mdomo wake nao. Alikuwa na utani wa kumfanya mtu ajidunge sindano. Kuna siku aliiweka karatasi ya kola kukingama badala ya kwenda na urefu wa nyuzi, mimi ndiye nikaenda kuangalia, nikakataa kugonga. Akaja, akaona, akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Shoga, umeniokoa shingo! Na walinzi nao umewaokoa, wangetembea na kola zimesimama kama masikio ya punda."

Wiki nzima akawa ananiita Mkombozi.

Moyo alikuwa nao pia. Kaka yake alipofariki na kuacha mke na watoto watatu, ni Mkasi aliyekwenda kwa Tajiri, mwenye karakana, akamwombea yule wifi yake kazi. Wifi akawekwa kwenye kutandaza kitambaa. Tukamwita Kimya, maana kwa siku nzima anaweza kusema maneno sita, na manne kati ya hayo anakiambia kitambaa. Lakini mpe jora lolote, atapitisha vidole mara moja tu na kukuambia kasoro iliyoko mita kumi ndani.

Msimamizi wetu alipoondoka, Tajiri alikuja kuchagua mwingine. Huyu bwana anakuja mara mbili kwa wiki, tumbo mbele na manukato nyuma, na kwa miaka yote hajajifunza jina la mtu hata mmoja. Sisi wote ni "nyie kina mama". Akanyoosha kidole kwa Mkasi: "Wewe." Tukashangilia mpaka bati likatetema. Kwa nini tusishangilie? Ni mwenzetu. Anajua kazi. Anajua jinsi mgongo unavyouma saa kumi. Kwenye ofisi ya vioo iliyo kona ya ukumbi sasa atakaa mtu aliyetoka kwenye viti vyetu.

Siku ya kwanza hakukaa hata ofisini. Alivaa ufunguo wa ofisi shingoni kwa utepe mwekundu, akazunguka anatusalimia mmoja mmoja. Mama Pacha, anayeshona vifungo, aliruka kama amekanyaga kaa la moto, akachukua kitambaa akakifuta kiti cha msimamizi.

"Bosi, kaa hapa, pamefutwa."

"Bosi wa nani?" Mkasi akacheka. "Mama Pacha, acha ujinga wako. Mimi ni yule yule."

Tukacheka sote. Siku ya tatu nilimwona amesimama kando ya kiti, anasubiri. Alikitazama kiti, akamtazama Mama Pacha, na Mama Pacha akafuta. Mwezi haujaisha kiti kikawa na mto. Mama Pacha aliushona mwenyewe kwa masalio ya kitambaa, akautia na ua katikati.

Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu watu husema madaraka yanambadilisha mtu kana kwamba ni homa, inakuja yenyewe. Haikuja yenyewe. Tuliipeleka kwenye sinia. Mkasi alikuwa anatania, zamani utani wake tukiuona mbovu tunamzomea. Sasa tukaanza kucheka kabla hajafika mwisho. Akasema jua ni kali, tukasema kweli bosi, kali sana. Akasema leo kuna ubaridi, mtu akavuta kanga. Mwaka mzima husikii "hapana" hata mara moja, unadhani itakuwaje? Utaanza kuamini huna kosa. Na anayekuja kukuambia unalo utamwona ni mchawi.

Tena tulikuwa tunapeleka maneno. Kila mmoja kwa zamu yake alibisha kwenye kile kioo akiwa na cha kumwambia kuhusu mwenzake. Na mimi nilikwenda. Mara moja, lakini nilikwenda, nikasema fulani anatoka robo saa mapema kila Ijumaa. Nilipotoka mle ndani niliona aibu, na chini ya ile aibu niliona raha, kwamba Mkasi alinitikisia kichwa na kusema, "Asante, wewe ndiye ninayekuamini." Nikatembea mpaka kwenye cherehani yangu nimenyoosha shingo. Mpaka leo nikikumbuka ile shingo nataka kutema mate.

Salamu zikapotea. Ukimwambia habari za asubuhi anapita na uso kama mlango uliofungwa. "Sisi" ikawa "mimi", na "wenzangu" ikawa "watu wangu". Kimya akimwita wifi, anaambiwa, "Kazini sina wifi." Kisha akaifikia meza.

Kwanza alianza kuchagua jicho. Aliendelea kukata mwenyewe, hilo hakuliachia mtu, lakini badala ya kuita na kungoja atakayeinuka, akawa anasema, "Mama Pacha, jicho." Jamani. Mama Pacha anajua kukata nguo kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Alikuwa anaizunguka meza mbio kama kuku aliyefukuzwa, anagonga, pa pa, "Safi bosi, kama kawaida yako." Siku moja Mama Pacha hakuwepo, pacha mmoja anaumwa, nikainuka mimi. Nikaangalia kama tulivyofundishwa. Nilikuwa sijafika hata nusu ya meza.

"Unatafuta nini humo?" Mkasi akauliza.

"Naangalia tu, shoga."

"Shoga ni wa nyumbani. Nimekuuliza unatafuta nini. Kosa langu?"

"Natafuta kosa, ndiyo. Si ndiyo kazi ya jicho?"

"Miaka kumi na tatu ninashika kisu. Wewe unajiona nani wa kunikagua mimi?"

Nikasikia ile feni inazunguka. Kabla sijajibu akapita mbele yangu, akanyoosha mkono, akagonga meza yeye mwenyewe. Pa, pa. Akawasha kisu. Na tangu siku hiyo Mkasi akawa anapanga mwenyewe, anajigongea mwenyewe, anakata mwenyewe. Neno "Jicho!" halikuitwa tena, ila kwa mzaha.

Tulifanya nini? Tuliinamisha vichwa tukashona. Wakati wa kula tulikuwa wakali kweli kweli, kila mmoja na la kwake, kufa na kupona. Saa ya kula ikiisha tunafuta midomo na makali yetu yote tunayafutia pale pale.

Basi ikaja kazi ya makoti mia mbili ya walinzi. Tajiri alisema Alhamisi anamleta mteja mwenyewe kuona kazi inavyoanza, mteja mkubwa, tusimtie aibu. Na kitambaa kilikuwa kipya. Vile tulivyozoea vilikuwa sawa pande zote mbili, ukikiweka vyovyote ni sawa. Hiki kilikuwa na uso na mgongo. Uso unang'aa kidogo, mgongo umefifia.

Kitambaa cha namna hiyo kinatandazwa kwa kwenda na kurudi, uso ukutane na uso. Hapo ukikata kifua mara moja, tabaka la chini linakupa cha kushoto na la juu yake linakupa cha kulia, vinatoka viwili viwili kama viatu. Ukitandaza nyuso zote zitazame juu, vipande vyote vitatoka vya upande mmoja. Huwezi kusema utakigeuza. Ukikigeuza, mgongo ndio utakaoonekana nje. Kila mtu pale ukumbini anajua hivyo, na Mkasi alitufundisha nusu yetu. Lakini Mkasi alikuwa na miezi hajagusa jora kwa vidole vyake. Kikitandazwa alikuwa anakitazama kupitia kioo cha ofisi, anatoka tu kuja kupanga karatasi na kukata.

Jumatano asubuhi akasimama mlangoni pa ofisi, mkono kiunoni.

"Tandazeni nyuso zote juu. Nataka mgeni akiingia aone rangi moja inang'aa kuanzia mlangoni."

Kimya alikuwa ameshika ncha ya jora. Akaipapasa, mbele, nyuma. Akasema kwa sauti ndogo, lakini tulisikia, "Wifi, hiki kina uso."

"Nimesemaje kuhusu wifi?"

"Bosi. Hiki kina uso. Nikikitandaza hivyo..."

"Nani msimamizi hapa, mimi au wewe? Nilikutoa kwenye kulia sebuleni kwa mama yangu nikakuleta hapa, leo unanifundisha kitambaa? Tandaza."

Kimya akatandaza. Siku nzima, tabaka mia moja, uso juu, uso juu. Kila akimaliza tabaka alikuwa analilaza kwa kiganja polepole, kama anamlaza mgonjwa. Sisi tulikuwa pale, na kila aliyeinua macho aliona. Mimi niliona kabla ya saa nne.

Sitajitetea. Sikunyamaza kwa woga peke yake. Woga ulikuwepo, lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine kitamu. Niliwaza: akate. Akate mbele ya huyo mteja wake na tumbo la Tajiri, tuone ni nani atakayemgongea. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba. Wanangu wakaniuliza mama umepata nini leo.

Alhamisi mteja akaja, mtu mrefu mwenye miwani. Mkasi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alizungusha kisu hewani kama mcheza mazingaombwe, kisha akaita, "Jicho!" akatugeukia akacheka, "Mimi mwenyewe!" Akagonga. Pa, pa. Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, na mimi nilicheka nikionyesha mpaka meno ya mwisho. Mteja akapiga makofi, na Tajiri naye. Kisu kikaingia.

Ijumaa asubuhi vipande vikagawiwa kwenye mashine. Haikuchukua hata nusu saa. Mwenzangu wa mstari wa pili akaita, "Nileteeni vya kulia, huku nina vya kushoto tu." Wa nyuma yake akasema na yeye hivyo hivyo. Watu wakaanza kufungua mafungu. Kifua cha kushoto. Kifua cha kushoto. Mikono ya kushoto, mafungu kwa mafungu. Vifua mia nne na mikono mia nne, na hakuna hata kimoja cha kulia. Mtu mmoja akaanza kucheka kwa hofu, "Hao walinzi watafungia wapi vifungo?" kisha akajiziba mdomo.

Mkasi akatoka ofisini. Akachukua kipande, akakigeuza, akachukua kingine. Niliuona uso wake ukiporomoka, na kwa nukta moja akanitazama mimi, macho ya zamani kabisa, macho ya ile siku ya kola. Angesema wakati ule, "Jamani nimekosea," naapa tungebeba naye. Nusu ya roho yangu ilikuwa tayari imeshainuka kwenda kwake.

Kisha uso ukafungwa.

"Nani alitandaza?"

Kimya akasogea mbele. "Mimi."

"Ulitandazaje?"

"Ulivyosema."

"Nilisema?" Akatugeukia sote, macho makavu. "Kuna mtu hapa alinisikia mimi nikisema kitambaa chenye uso kitandazwe hivi?"

Ishirini na nne sisi. Mama Pacha akasafisha koo.

"Mimi nilimsikia bosi akisema uso kwa uso. Nilikuwa hapo karibu. Wifi yake hakusikiliza, kichwa chake siku hizi hakiko sawa, na msiba ule na watoto..."

Hata Mkasi alishtuka. Uongo ule hakuuomba. Uliletwa tu na kuwekwa mbele yake, umefutwa vizuri kama kile kiti. Naye akaukalia. Na vichwa viwili vitatu vikatikisika: ndiyo, ndiyo, tulisikia. Nimeosha vidonda vya wagonjwa, nimezibua choo kwa mikono, sijawahi kuhisi kichefuchefu kama kile.

Tajiri alifika saa nne. Mkasi alimweleza kwa maneno machache, sauti imenyooka. Tajiri hakuuliza swali. Akamwangalia Kimya kama mtu anavyoangalia doa.

"Akusanye vitu vyake."

Vitu vya Kimya vilikuwa kikombe, ndala na utepe wa kupimia. Akavua aproni ya karakana. Hakulia. Akasema tu, "Tajiri, niruhusu nimalize mwezi. Watoto wanafanya mitihani." Tajiri alikuwa ameshageuka kuzungumza na simu. Basi Kimya akailaza ile aproni juu ya meza ya kukatia kuikunja, akapitisha kiganja, akaikunja uso kwa uso, akalinganisha pembe na pembe. Anafukuzwa kwa kutojua kutandaza kitambaa, na anakunja aproni ya watu vile.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niligonga ubao wa cherehani yangu, si mara mbili, niligonga mpaka kiganja kikawaka.

"Haijagongwa hii!" nikasema. "Tajiri, acha simu. Huyu mama alisema kitambaa kina uso. Alisema mara mbili. Akaambiwa atandaze hivyo hivyo ili mgeni wako aone kinang'aa. Na meza haikuangaliwa na mtu, msimamizi alijigongea mwenyewe, ulikuwepo, ulipiga na makofi."

"Nani alisikia zaidi yako?"

"Wote. Muulize yeyote."

"Na wewe uliona kosa?"

"Niliona Jumatano, kabla ya saa nne."

"Ukanyamaza? Na kitambaa changu?"

"Nilinyamaza. Nilitaka aaibike mbele yako. Nilinyamaza aanguke yeye, sasa anaanguka huyu."

Mkasi alikuwa ananitazama. Sikuona hasira. Nilichokiona kilikuwa kibaya zaidi, mtu anayekumbuka jambo.

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo hivyo!" Mama Pacha huyo, amesimama juu ya vidole. "Nilikuwa naogopa tu, Tajiri. Huyu mwanamke ametutesa!" Na hapo bwawa likapasuka, kila mtu na sauti yake, alinifanyia hivi, aliniambia vile, hata wale waliotikisa vichwa dakika kumi zilizopita. Ukiona watu wanavyopata ujasiri baada ya hatari kupita, utaona bora woga wao.

Tajiri akanyoosha mkono kwa Mkasi. "Ufunguo."

Utepe ulinasa kwenye hereni. Alihangaika nao muda mrefu, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Kimya ndiye aliyeweka kikombe chini, akamwendea, akaunasua. Hawakutazamana.

Tajiri akazungusha macho ukumbini kama anachagua nyanya, yakatua kwangu.

"Wewe mwenye kelele. Shika."

Hivyo ndivyo Kimya alivyovaa aproni yake tena, na hivyo ndivyo mimi nilivyopata madaraka. Si kwa hekima. Kwa kelele.

Mkasi hakuacha kazi, angekwenda wapi? Alipelekwa nyuma, kwenye mashine ya matundu ya vifungo, karibu na dirisha lisilofunguka. Wale waliomchekea wanapita pale wanaguna. Mtu alimwekea kipande cha kifua cha kushoto juu ya kiti. Akakitoa, akakitumia kufutia mashine. Mkasi hakumwomba Kimya msamaha hata siku moja, na sidhani atamwomba. Lakini nimewaona wakitoka kazini njia moja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Jumatatu nilisimama mezani kwa mara ya kwanza nikiwa na ufunguo shingoni. Kimya alikuwa ametandaza vitambaa vya aproni. Nikapanga karatasi, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaita, "Jicho!" kama zamani, nikijiona nimeurudisha ulimwengu mahali pake. Mama Pacha akaruka. Akagonga, pa pa, na wakati wote huo alikuwa anaangalia uso wangu. Kitambaa hakukitupia jicho hata kidogo.

"Safi bosi!"

"Rudi ukakae," nikamwambia. "Aje mtu atakayeangalia."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wananitazama kwa tabasamu lile lile. Kisha nyuma kule kiti kikaburutwa, na Mkasi akaja. Alitembea katikati ya mistari miwili bila kumtazama mtu. Akaizunguka meza. Aliangalia kama tulivyofundishwa, karatasi kwanza, halafu akainama pembeni, akasogea, akainama tena. Kimya akampisha. Dakika moja. Mbili. Hakugonga. Ukumbi mzima unatazama, na mimi nimesimama na kisu mkononi kama mjinga.

Na humu ndani ya kifua changu, waziwazi, kwa maneno yale yale, nikasikia: huyu anajiona nani wa kunikagua mimi?

Siku moja tu. Sijakalia hata kile kiti.

"Karatasi ya mfuko imeteleza," Mkasi akasema. "Kidole kimoja."

Nikaenda. Ni kweli, kidole kimoja. Baada ya kushonwa hakuna ambaye angegundua, na neno "inatosha" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nikalimeza. Likashuka kama mfupa. Nikarekebisha karatasi, naye akasubiri mpaka nimalize, akainama akaangalia tena, ndipo akagonga. Pa, pa. Akarudi kwenye matundu yake.

Nilikata. Nilipomaliza mgongo uliniuma, nikaenda ofisini nikapumzike. Mto ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, ule ule wenye ua. Kiti kilikuwa kimefutwa, bado kina unyevu.

Nikatoka mlangoni nikauliza ukumbi mzima, "Nani amefuta hiki kiti?"

Wote wakatabasamu. Nilitoa ule mto nikautupa kwenye pipa la masalio. Halafu miguu ilikuwa imechoka kweli, na kiti kilikuwa kisafi, nikakaa.